Gift: chupa, mahari na jina la mtoto wetu

Nilipokuwa kidato cha tatu, maabara ya kemia ya shule yetu ilikuwa na kabati moja ambalo mwalimu alilifunga kwa kufuli mbili. Vioo vyake vilishapata ukungu, lakini ukibandika uso na kukinga mwanga kwa viganja, uliziona chupa za kahawia zimepangwa safu tatu. Vitu vingi vya maabara ile vililetwa kwa msaada wa Waswidi, zamani kabla hatujazaliwa: mizani, mirija ya kioo, hata viti virefu vya mbao. Kwenye safu ya katikati kulikuwa na chupa fupi yenye mfuniko mweusi, karatasi yake imegeuka rangi ya chai. Karatasi ile ilichorwa fuvu na mifupa miwili iliyopishana, na chini yake herufi nne kubwa: GIFT.

Kiingereza chetu kilitosha kujua kwamba gift ni zawadi. Tulibishana karibu wiki nzima. Rafiki yangu mmoja alishikilia kwamba jambo liko wazi: kila kitu humu ni zawadi ya Waswidi, wameandika ili tusisahau. Mwingine akamwuliza, sasa mbona mizani haijaandikwa? Na hilo fuvu ni la nini? Mwishowe tukamwendea mwalimu. Hakuingia kwenye habari za lugha. Alisema, "Hiyo ukiionja, wazazi wako watapigiwa simu waje na sanda." Tukaliacha kabati.

Mwaka juzi mtoto wa kaka yangu alipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili huko Lund, kusini mwa Uswidi. Jina lake ni Gift. Alizaliwa baada ya mimba tatu kuharibika, na kaka yangu, mtu asiye na maneno mengi, alipomshika kwa mara ya kwanza alitamka neno hilo moja tu la Kiingereza, likawa jina. Kwetu si jina la ajabu. Darasa moja la shule ya msingi unaweza kuwakuta akina Gift wawili, Happy, Neema, Zawadi na Tumaini, na hakuna anayegeuka kushangaa.

Wiki yake ya kwanza huko alinitumia ujumbe wa sauti. "Shangazi, shikamoo. Shangazi, hapa sijui nicheke au nilie. Nimepewa fomu. Mstari wa kwanza jina, nimeandika Gift. Chini wanauliza hali ya ndoa, kuna visanduku: gift, halafu ogift. Nimeuliza, nikaambiwa ogift ndiyo sijaolewa. Kwa hiyo mimi ni Gift ogift. Halafu kuna mwenzangu hapa pembeni ananiambia, unajua kwetu jina lako pia ni sumu?"

Nilikuwa napanda ngazi za ofisini. Nilisimama pale pale nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, na ile chupa ya mfuniko mweusi ikanijia mbele ya macho kana kwamba nimebandika uso kwenye kioo asubuhi ile.

Kila anayejifunza lugha za Skandinavia hukutana mapema na utani huo: kwao ndoa na sumu ni neno moja, kwa hiyo walishajua. Gift aliusikia mara nne katika mwezi mmoja. Mara ya nne, aliniambia, hakuweza tena kutabasamu, maana jina lenyewe kwao lina historia ya mama yake kulia mara tatu. Ndiyo sababu nikaanza kusoma. Nilitaka nimpe maelezo yenye heshima kuliko ule utani, na nilichokipata kimenikaa moyoni hadi leo.

Nianze na maana zilivyo sasa. Kwa Kiingereza gift ni zawadi, au kipaji mtu alichozaliwa nacho, basi. Kwa Kiswidi, Kinorwei na Kidenmark ni mambo mawili: ikiwa nomino ni sumu, ikiwa kivumishi ni hali ya mtu aliyeoa au aliyeolewa. Uyoga wa kuua Waswidi huuita giftig, nyoka wa sumu ni giftorm, na dawa ya kuzima sumu ni motgift. Upande wa pili, kufunga ndoa ni gifta sig, ndoa yenyewe giftermål, na wazazi wakimwozesha binti, kitendo hicho ni gifta bort, kumtoa aende mbali. Ukienda na zawadi kwenye sherehe ya kuzaliwa, Mswidi ataiita present au gåva, Mnorwei na Mdenmark wataiita gave. Kuiita gift hawawezi.

Gift alilipenda jambo moja dogo hapo kabla mimi sijaliona. Katika fomu ile mwanamume na mwanamke wanatia alama kwenye kisanduku kilekile. Sisi kitenzi chetu kina pande mbili, mmoja anaoa, mwingine anaolewa, na fomu zetu zinalazimika kuandika "ameoa/ameolewa" kwa mkwaju. Kwao wote ni gift. Lakini zamani haikuwa hivyo: katika lugha ya kale ya Skandinavia, gipta lilikuwa ni kumtoa binti kumpa mume. Neno lilianzia kwa bibi harusi, likaja kumkuta bwana harusi baadaye.

Maana zote hizi zinatoka kwenye kitenzi cha kutoa. Kiingereza husema give, Kijerumani geben, Kiswidi ge, Kinorwei gi. Katika lugha ya kale iliyozizaa zote hizi, kitenzi hicho kilizaa nomino yenye maana ya kutoa au kilichotolewa, kama toa letu linavyozaa toleo, matoleo, mtoaji na utoaji. Na kama ilivyo kwetu, nomino hiyo haikusema kitu kinachotolewa ni kitu gani. Kutoa sadaka ni kutoa, kutoa mahari ni kutoa, na kumtoa mtu roho nako ni kutoa.

Kwa Waingereza wa kale kilichotolewa kilikuwa mahari. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, kwa sababu nililelewa katika darasa la Kiingereza ambalo gift iliandikwa kwenye kadi za Krismasi. Katika Kiingereza cha kabla ya mwaka 1066, zawadi ya kawaida waliiita gifu. Neno gift, au gyft, walilitunza kwa kazi maalumu: mali inayotolewa kwa ajili ya mke, na likiwa katika wingi, arusi yenyewe.

Lipo katika sheria za mfalme Ine, aliyetawala Wessex, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuanzia mwaka 688 hadi 726. Kifungu cha 31 ni kifupi. Kinasema mtu akinunua mke, na gyft isifanyike, mali irudishwe, iongezwe nyingine kiasi hicho hicho, na mdhamini wa makubaliano naye afidiwe kwa kuvunjiwa dhamana yake. Neno lao lilikuwa hilo hilo, kununua, bila kulizungusha. Nilikisoma kifungu hicho mara kadhaa usiku mmoja. Nilimwona yule mdhamini amekaa kwenye kigoda kama mshenga wetu, amevuliwa heshima mbele ya wazee, anadai haki yake. Nilimwona baba wa binti anahesabu atakachorudisha. Nimekaa kwenye kikao kama hicho, kule kwetu Rungwe, ndoa ya binti mmoja wa ukoo ilipovunjika kabla haijafungwa. Ng'ombe wawili walishapelekwa na mmoja alishazaa, na wazee wakabishana tangu asubuhi hadi jua la kichwani kama ndama naye anarudi. Mfalme Ine angekaa pale akaelewa kila neno.

Na mambo hayo ni ya zamani kuliko hata Ine. Mwandishi wa Roma, Tacitus, alipoeleza desturi za makabila ya Kijerumani mnamo mwaka 98, alishangaa kwamba kwao mke haleti mali kwa mume, ni mume anayempelekea mke. Kwake hilo lilikuwa geni, maana Roma mali ilitoka kwa upande wa binti. Akataja na vitu vyenyewe: ng'ombe, farasi aliyefungwa hatamu, na ngao pamoja na mkuki na upanga. Ukiondoa farasi, hiyo ni orodha ambayo babu yangu asingeikataa.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimekaa kwenye semina na warsha ambako mahari yetu inazungumzwa kama ugonjwa uliozaliwa Afrika. Ina mabaya yake, nayajua. Nimeona mabinti waliobaki kwenye ndoa za kipigo kwa sababu kaka zao walishakula ng'ombe. Lakini mtu anayezungumza Kiingereza hawezi kufunga zawadi ya Krismasi bila kutamka neno la mahari. Jambo hilo limo ndani ya lugha yake, limefichwa na karatasi ya kung'aa.

Waswidi nao walikuwa na mtu anayeitwa giftoman. Gift alilikuta neno hilo kwenye somo moja la historia ya sheria alilokuwa akilihudhuria nje ya kozi yake, akanipigia simu jioni ileile. "Shangazi, kumbe na hawa walikuwa na walii!" Na ndivyo. Giftoman ni mwenye mamlaka ya kumtoa binti: kwanza baba, na kama hayupo, ndugu wanaomfuatia. Sheria kuu ya Uswidi ya mwaka 1734 ilikuwa na vitabu tisa, na kitabu cha kwanza kabisa, kabla ya urithi, ardhi na biashara, kilihusu ndoa, kikabeba neno hili hili kwenye jina lake. Mwanamke mtu mzima alikuja kupata haki ya kuamua mwenyewe ataolewa na nani, bila idhini ya mtoaji huyo, mwaka 1872. Leo giftoman amebaki kwenye vitabu vya historia, ila katika sheria ya sasa limesalia neno la ukoo wake, giftorätt, haki ya kila mwanandoa katika mali ya mwenzake. Ndoa ikivunjika, mali inayoangukia chini ya haki hiyo hugawanywa nusu kwa nusu. Mzizi uliokuwa ukimtoa mwanamke sasa unamhesabia nusu yake ya nyumba. Sijui kama kuna profesa yeyote anayelifurahia hilo kama nilivyolifurahia mimi na Gift kwenye simu, yeye akitafsiri kutoka kwenye kompyuta, mimi nikiwa na ugali jikoni unaoanza kuungua.

Sasa sumu.

Hapa safari inapita kwenye duka la dawa. Waganga wa Ugiriki ya kale kipimo cha dawa walikiita dosis. Maana yake ya msingi ni kutoa, yaani kile mgonjwa anachopewa kwa mara moja. Kilatini kikalichukua neno hilo lilivyo. Wajerumani wa zama za kati hawakulichukua lilivyo, walilitafsiri: dosis ni kutoa, kwao kutoa ni gift, basi kipimo cha dawa kikawa gift. Na mtu akitaka kusema fulani amewekewa kitu kwenye kikombe bila kulitaja jina la kitu hicho, atasema nini? Atasema amepewa. Taratibu maana ya dawa ikafifia, ya kuua ikabaki. Kwa Kijerumani cha leo Gift ni sumu peke yake, na ile maana ya zamani imejificha kwenye neno moja, Mitgift, mali anayoondoka nayo binti anapoolewa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Nani hajawahi kusikia, kwenye msiba, mtu akinong'ona nyuma ya nyumba: "Huyu alipewa kitu"? Hatusemi kitu gani. Kitenzi chetu cha kupa kinabeba mauaji yote bila kutaja sumu. Na dukani je? Tunaomba dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Hakuna anayetaka kumponya panya. Sumu neno tunalo, limetoka Kiarabu, lakini mdomo unalikwepa na kulivika kanzu ya daktari. Waingereza wenyewe walifanya hivyo kwa njia nyingine: poison yao ilianza kama kinywaji tu, kwa Kilatini potio, sawa na potion. Kila lugha niliyoigusa inaogopa kulitaja jambo hili uso kwa uso.

Neno dosis halikuishia kwa Wajerumani. Lilipita Kifaransa na Kiingereza likatufikia sisi, na tunalo mdomoni kila siku: dozi. Muuguzi anayemwambia mama pale dirishani, "Hakikisha anamaliza dozi ya mseto, hata akipata nafuu usiache," anatamka neno la Kigiriki la kutoa. Dozi na gift ya kwenye chupa yetu ni mzazi na tafsiri yake. Mwaka 1538 daktari Paracelsus aliyaweka yote mawili kwenye sentensi moja ya Kijerumani: vitu vyote ni Gift, wala hakuna kisicho na Gift, Dosis peke yake ndiyo hufanya kitu kisiwe Gift. Alikuwa anazungumzia sumu na kipimo. Lakini soma tena ukijua mizizi, utaona ameandika kutoa juu ya kutoa, na uhai wa mgonjwa uko katikati.

Waskandinavia walikuwa na neno lao la sumu, eitr. Iceland bado wanalitumia, eitur, na Waswidi wanalo katika umbo la etter. Katika simulizi za kale za Iceland, Loki, mmoja wa miungu yao, mwenye hila nyingi, alipofungwa kwenye mawe kwa makosa yake, nyoka alining'inizwa juu yake, akawa anamdondoshea sumu usoni. Mkewe Sigyn akakaa pembeni ameshika bakuli, anakinga tone baada ya tone. Bakuli likijaa huenda kulimwaga, na muda huo mdogo sumu humfikia mumewe, naye hutetemeka hadi nchi inatikisika. Sumu ya simulizi hiyo ni eitr. Gift ya kuua ililetwa na Wajerumani. Wafanyabiashara wa Lübeck na miji wenza waliokuwa wakimiliki biashara ya Bahari ya Baltiki walihamia Visby, Stockholm na Bergen, wakafungua maduka, na Kijerumani chao cha kaskazini kikaingia kwenye Kiswidi, Kinorwei na Kidenmark kama Kiarabu kilivyoingia kwenye Kiswahili bandarini. Kulipa, kwa Kiswidi betala, ni neno la wafanyabiashara hao. Hata dirisha: Waswidi walilipokea fönster kutoka kwa Wajerumani, wakaliacha neno lao la kale, vindauga, jicho la upepo. Jicho la upepo likaja kudumu Uingereza, ndiyo window ya leo. (Nimelipenda jicho la upepo kiasi kwamba sasa kila nikifungua dirisha la chumba changu nalikumbuka.)

Kwa hiyo zile maana mbili hazikulala kitanda kimoja tangu mwanzo. Ya ndoa ilikuwa ya nyumbani, ya sumu ilishuka melini pamoja na mizigo. Zilikutana kwa sababu zote mbili ni za kutoa, na zilipokutana hakuna aliyezitenganisha. Nilipomweleza Gift hilo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wakinitania tena nitawaambia sumu ni ya wageni, ndoa ndiyo yao." Nikamwambia awaambie hivyo hivyo.

Limebaki la sauti, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Mama mwenye nyumba anakokaa Gift ni mzee wa miaka themanini na kitu. Kiingereza chake ni kidogo, na jina la mpangaji wake alilisoma kwa mara ya kwanza kwenye karatasi. Kwa Kiswidi, g ikifuatwa na i husomwa y. Basi akamwita Yift, na hajaacha mpaka leo. Ukitoka Lund kwa treni ukavuka daraja la Øresund, lililofunguliwa mwaka 2000, haipiti saa nzima uko Copenhagen, na huko Wadenmark hulitamka kwa g ngumu, Gift. Mtoto wetu anavuka mlango wa bahari na jina linabadilika mdomoni mwa watu kabla hajashuka.

Hivi ndivyo Waingereza wa kale nao walivyolitamka: yift. Gyft ya mfalme Ine ilianza na y, hata kama iliandikwa kwa g. Aliyeibadilisha ni Mskandinavia. Mwaka 793 Waviking walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne. Miaka sabini na kitu baadaye wakaja na jeshi, na sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Uingereza ikawa chini ya sheria ya Wadenmark. Waliobaki waliacha mapigano wakalima, wakaoa wenyeji, wakachuuza. Lugha zao zilikuwa zimekaribiana, kama Kiswahili cha Lamu na cha Unguja, kiasi kwamba watu walielewana huku kila mmoja akishika lafudhi yake. Wageni walikuwa na g ngumu mahali ambapo wenyeji walikuwa na y. Na kwao gift, au gipt, halikuwa mahari tu. Lilikuwa pia zawadi, na bahati njema. Taratibu g ngumu ikashinda, pamoja na maana ya zawadi, na yift ya Ine ikafa.

Haikufa siku moja. Kwa karne nyingi wengine walisema hivi, wengine vile. Mchapishaji William Caxton alisimulia mwaka 1490, katika dibaji ya kitabu alichokitafsiri, kisa cha wafanyabiashara waliokwama mdomoni mwa mto Thames wakisubiri upepo. Wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja akamwomba mama wa nyumba mayai, akasema egges, neno lenye g ngumu kutoka Skandinavia. Mama akajibu kwamba hajui Kifaransa. Yule bwana akakasirika, maana naye Kifaransa hakijui. Mpaka mwenzake aliposema eyren, kwa y ya kienyeji, ndipo mama akaelewa wanataka mayai. Wote ni Waingereza, wote wana njaa, yai liko ndani ya nyumba, na kinachowatenganisha ni g na y. Ni herufi zile zile zinazotenganisha Lund na Copenhagen leo.

Ila angalia kilichotokea. Waskandinavia waliowapa Waingereza g ngumu, baadaye wenyewe, Uswidi na Norwei, waliilainisha ikawa y. Waingereza wakabaki na g ya wageni, na wageni wakaishia kwenye sauti waliyokuwa nayo wenyeji. Hawakuazimana hapo, kila lugha ilikwenda njia yake. Lakini bibi wa Lund anapofungua mlango wa jikoni na kuita "Yift!", sauti inayomtoka inakaribia sana ile aliyoitamka mtu wa Wessex miaka elfu moja na mia tatu iliyopita alipokuwa akizungumzia arusi.

Bibi yake mwenyewe, mama yangu, hajawahi kulitamka hivyo wala vile. Anasema Gifti, maana mdomo wake haukubali neno liishie hewani, na akiwa na furaha humwita Zawadi. Neno hilo nalo lina njia yake: lilitoka kwenye ukoo wa neno la Kiarabu zad, chakula cha safarini, masurufu ya msafiri. Mama hajui hilo, sikuwahi kumwambia. Ila siku ya kumsindikiza Gift, alishuka kutoka Tukuyu kwa basi la usiku na kiroba cha karanga alizozikaanga mwenyewe na pakiti sita za majani ya chai. Tulipomwambia huko Ulaya chai na karanga zipo, alitutazama kama watu tuliopoteza akili. Akakipachika kiroba katikati ya nguo za baridi kwenye begi, akafunga zipu kwa shida, na begi likazidi kilo mbili pale kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Tukatoa viatu.

Mwezi uliopita Gift alinitumia ujumbe mwingine wa sauti. Ameposwa na kijana wa Iringa wanayesoma naye, barua itakuja kwa kaka yangu baada ya Pasaka, nami nitakaa kwenye kikao. Tumeshaanza kusema kuhusu ng'ombe, ingawa siku hizi wengi hutoa fedha. Katikati ya ujumbe, nyuma ya sauti yake, unasikia sahani, maji ya bomba, na mama mzee akiita kutoka chumba cha pili, neno moja, akilivuta kidogo mwanzoni. Chai ya Tukuyu ilikuwa tayari, Gift alieleza, bibi anaipenda bila maziwa.